Vita Vikuu vya Pili vya Dunia viligeukia wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mnaposema vita "viligeuka", mnapima kwa kigezo gani?

Swali la kwanza tunalouliza ni hili: kilichopotea siku ile kiliweza kurudishwa? Jeshi likipoteza ndege 200, na viwanda vyake vikaunda 400 mwezi unaofuata, hilo ni pigo tu. Likipoteza marubani waliofunzwa kwa miaka, na mafuta ya kufunzia wengine hakuna, hapo mambo yamegeuka hata kama magazeti ya siku hiyo hayakuona. La pili: baada ya pigano lile, nani alichagua mahali na wakati wa pigano lililofuata? Kwa vigezo hivyo, mapigano kadhaa maarufu yanateremka, na mambo ya mafuta, reli na meli za mizigo yanapanda.

Basi nipeni orodha fupi.

Anga ya Uingereza (Julai hadi Oktoba 1940), Moscow (Desemba 1941), Midway (Juni 1942) ikifuatiwa na Guadalcanal (Agosti 1942 hadi Februari 1943), El Alamein (Oktoba na Novemba 1942), Stalingrad (Novemba 1942 hadi Februari 1943), Atlantiki (Mei 1943), Kursk (Julai 1943), halafu majira ya joto ya 1944, ambapo Normandy (Ufaransa), Belarusi na Imphal (India) zilikwenda sambamba.

Ukilazimishwa kuchagua kipindi kimoja, chagua miezi ya Novemba 1942 hadi Mei 1943. Kilipoanza, Wajerumani walikuwa kwenye mto Volga na bado wako Misri. Kilipokwisha, walikuwa wamesalimu amri Stalingrad na Tunis, Wajapani wamehama Guadalcanal, na nyambizi zimeondolewa Atlantiki ya Kaskazini.

Mbona Dunkirk haimo?

Kwa sababu ilikuwa uokoaji wa wanajeshi kutoka bandari hiyo ya Ufaransa. Kati ya 26 Mei na 4 Juni 1940 wanajeshi 338,226 walivushwa hadi Uingereza, lakini mizinga, malori na vifaru vyao vilibaki Ufaransa. Kilichozuia Wajerumani kuvuka bahari ni mapigano ya angani yaliyofuata.

Hapo Waingereza walikuwa na mfumo, na mfumo ndio ulioshinda. Rada za pwani ziliona ndege zikija, taarifa ikapelekwa kwa simu hadi makao ya Bentley Priory, ikachujwa, ikawekwa juu ya meza ya ramani, kisha vikosi vikaamriwa kupaa. Rubani wa Kiingereza hakuhitaji kuzurura angani akichoma petroli. Akitunguliwa juu ya Kent na kushuka salama kwa mwavuli, angeweza kurudi kazini; mwenzake wa Kijerumani alikuwa mateka. Ndege ya kivita ya Bf 109 nayo ilikuwa na mafuta ya dakika chache tu ikishafika London. Tarehe 7 Septemba Wajerumani walihamishia mabomu London, wakaviachia viwanja vya ndege nafasi ya kupumua. Siku kumi baadaye Hitler aliahirisha uvamizi, na haukufanyika tena.

Ni kweli baridi ndiyo iliyowashinda Wajerumani mbele ya Moscow?

Baridi ilimalizia kazi. Wajerumani walishakwama kabla theluji haijatulia.

Walivamia Urusi ya Kisovieti tarehe 22 Juni 1941 wakiwa na askari wapatao milioni tatu, lakini sehemu kubwa ya jeshi hilo ilitembea kwa miguu, na mizigo yake ilivutwa na farasi zaidi ya 600,000. Vita vilipangwa kuisha kwa wiki chache. Havikuisha. Kila kilomita mia walizosonga ziliongeza safari ya risasi, petroli na mkate.

Reli ilikuwa tatizo peke yake. Reli ya Kirusi ilikuwa na upana wa milimita 1,524, ya Kijerumani 1,435. Tofauti ni milimita 89, chini ya upana wa kiganja, lakini ilitosha kuzuia treni ya Kijerumani isipite mpaka mafundi wang'oe misumari na kuusogeza upande mmoja wa njia kwa maelfu ya kilomita. Oktoba ilileta mvua na tope, na malori yakazama hadi kwenye ekseli. Baridi ilipokuja, mabomba ya maji ya injini za mvuke za Kijerumani, yaliyopitishwa nje ya tangi, yaliganda na kupasuka. Nguo za baridi zilikuwepo kwenye maghala ya nyuma, ila treni chache zilizofika zilibeba risasi na mafuta kwanza.

Warusi waliganda vilevile. Tofauti ni kwamba walikuwa na akiba ya watu. Divisheni kutoka mashariki ya nchi zilipelekwa Moscow, na kuanzia tarehe 5 Desemba wakashambulia. Wajerumani walisukumwa nyuma, mahali pengine zaidi ya kilomita 200. Mjini hawakuingia kamwe.

Pearl Harbor: Wajapani walishinda au walishindwa?

Kwa siku moja walishinda. Tarehe 7 Desemba 1941 ndege 353 kutoka meli sita za kubeba ndege zilizamisha au kuharibu manowari zote kubwa nane zilizokuwa bandarini, na Wamarekani 2,403 wakafa.

Tazama lakini kilichobaki. Meli za Marekani za kubeba ndege hazikuwemo bandarini. Karakana na gati za nyambizi hazikuguswa. Matangi ya mafuta, yenye mapipa yapatayo milioni 4.5, yaliachwa yakiwa wazi juu ya ardhi. Yangechomwa yale, meli zilizosalia zingelazimika kurudi California kutafuta mafuta. Siku nne baadaye Hitler naye aliitangazia Marekani vita, jambo ambalo mkataba wake na Japani haukumlazimisha kulifanya. Katika maamuzi yote ya vita hivi, ni machache yaliyokuwa ya hasara kama hilo.

Kule Midway, ni kweli meli tatu ziliharibiwa kwa dakika chache?

Ndiyo, lakini dakika hizo zilitayarishwa kwa wiki nyingi.

Wachambuzi wa Marekani huko Hawaii, chini ya Joseph Rochefort, walikuwa wakisoma sehemu ya maandishi ya siri ya jeshi la majini la Japani. Waliona shambulio linapangwa mahali paitwapo "AF". Ili kuhakikisha, kisiwa cha Midway kiliagizwa kitangaze redioni, bila kuficha, kwamba mtambo wake wa kusafisha maji ya chumvi umeharibika. Muda si muda Wajapani wakapelekeana taarifa kwamba AF haina maji matamu. Tangu hapo Admeri Nimitz wa Marekani alijua pa kuziweka meli zake. Mojawapo, Yorktown, ilikuwa imejeruhiwa mwezi uliotangulia. Ilitengenezwa Pearl Harbor kwa takriban siku tatu tu, ikarudi baharini mafundi wengine wakiwa bado ndani.

Asubuhi ya 4 Juni 1942 Admeri Nagumo wa Japani alikuwa na meli nne za kubeba ndege. Ndege zake za akiba zilikuwa na topido za kupigia meli. Akaamuru zibadilishwe zifungwe mabomu ya kupigia nchi kavu; habari za meli za Marekani zilipofika, akageuza amri. Mabomu yaliyofunguliwa hayakurudishwa ghalani kwa sababu muda haukuwepo. Yalibaki pembeni mwa vyumba vya ndege vya chini, karibu na mipira ya petroli.

Kikosi cha ndege za topido 15 kutoka meli ya Hornet kilishambulia bila ulinzi, kikatunguliwa chote. Alinusurika mtu mmoja. Ndege za ulinzi za Kijapani zikawa zimeshuka chini na kutawanyika. Yapata saa nne na dakika 20 asubuhi, ndege za Dauntless za Marekani zikapiga mbizi kutoka juu. Akagi ilipigwa na bomu moja tu la moja kwa moja. Bomu moja haliui meli ya ukubwa ule. Moto uliokuta petroli na mabomu yaliyozagaa ndio ulioiua. Kaga na Soryu zikawaka vilevile, na Hiryu ikafuata jioni. Marekani ilipoteza Yorktown na manowari moja ndogo.

Watu husema Japani ilimaliza marubani wake bora siku hiyo. Sivyo: waliokufa walikuwa kama 110, na wengi waliokolewa. Waliowamaliza ni miezi sita ya Guadalcanal. Kutoka Rabaul hadi kisiwa kile ni kama kilomita 1,000, kwenda na kurudi kila siku, na ndege iliyotobolewa ilikuwa na nafasi ndogo ya kufika nyumbani.

Stalingrad: kwa nini ndege hazikuweza kulisha jeshi lililozingirwa?

Fanya hesabu mwenyewe. Tarehe 19 Novemba 1942 Warusi walivunja ubavu wa kaskazini, uliolindwa na Waromania wasio na silaha za kutosha dhidi ya vifaru, na siku iliyofuata wakavunja wa kusini. Tarehe 23 wakakutana karibu na Kalach. Ndani ya duara walibaki watu zaidi ya 250,000.

Jeshi hilo, la Sita la Ujerumani, liliomba zaidi ya tani 600 kwa siku. Kiwango cha kujikimu kilishushwa hadi tani 300. Ndege ya Ju 52 hubeba takriban tani mbili, kwa hiyo tani 300 ni mizunguko 150 ya kutua kila siku. Siku ya ukungu hakuna anayetua. Siku ya mwanga, ndege za Kirusi zinasubiri. Injini kwenye baridi ile zilihitaji kupashwa moto kwa saa nyingi kabla ya kuwaka, kwa hiyo ndege 100 zilizoandikwa kwenye daftari hazikuwa ndege 100 za kuruka. Wastani ulioingia ulikuwa kama tani 100 kwa siku, na siku nyingine sifuri.

Kuna kosa jingine lisilosemwa sana: farasi wengi walikuwa wameshapelekwa nyuma kwa ajili ya malisho ya baridi. Mizinga ikakosa cha kuivuta, na askari wakakosa nyama ambayo ingewasogeza wiki kadhaa.

Desemba 12 jenerali wa Kijerumani Manstein alijaribu kuwafikia kutoka kusini, akakwama kama kilomita 50 kabla ya duara. Vifaru vya Paulus, kamanda wa jeshi lililozingirwa, vilikuwa na mafuta ya kilomita 30 hivi, na Hitler hakumruhusu kuliacha jiji. Uwanja wa ndege wa Pitomnik, ndani ya duara, ulianguka 16 Januari 1943, na wa Gumrak siku chache baadaye. Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa mizigo ya kudondoshwa kwa miavuli usiku, na mingine iliangukia upande wa pili. Paulus alisalimu amri 31 Januari, wa mwisho 2 Februari. Waliotekwa mwishoni walikuwa kama 91,000. Waliorudi Ujerumani, miaka kadhaa baadaye, hawakufika 6,000.

El Alamein ilikuwa muhimu kweli, au Waingereza wanajisifu?

Kwa ukubwa haifikii Stalingrad hata kidogo. Kwa mahali ilipo, ni muhimu: kutoka pale hadi Alexandria ni kama kilomita 100, na nyuma ya Alexandria kuna mfereji wa Suez.

Rommel, kamanda wa Wajerumani Afrika Kaskazini, alikuwa amefika mbali kuliko petroli yake. Bandari yake kubwa, Tripoli, ilikuwa zaidi ya kilomita 2,000 nyuma, hivi kwamba malori yalikunywa sehemu kubwa ya mafuta yaliyokuwa yakiyabeba. Montgomery, kamanda wa Waingereza, alikuwa na askari kama 195,000 na vifaru zaidi ya 1,000, karibu mara mbili ya adui. Mbele yake palikuwa na mabomu ya ardhini karibu nusu milioni, na mabonde ya Qattara upande wa kusini yalizuia kuzunguka. Ikabidi watu watoboe njia usiku wakitafuta bomu mojamoja kwa kifaa na kwa ncha ya singe. Mizinga ilianza 23 Oktoba 1942. Siku tatu baadaye meli ya mafuta ya Kiitalia, Proserpina, iliteketezwa karibu na Tobruk, na Rommel akapoteza petroli aliyokuwa akiihesabia saa. Tarehe 4 Novemba akaanza kurudi nyuma.

Mbona vita vya Atlantiki havina siku moja ya kukumbukwa?

Kwa kuwa kuwinda na kulinda meli za mizigo kulikuwa kazi ya kila siku ya miaka karibu sita. Bado mwezi upo: Mei 1943.

Nyambizi ya Kijerumani ya wakati ule ilikuwa chombo cha juu ya maji kinachoweza kujificha chini kwa muda. Juu ilikwenda kama noti 17 (maili za baharini kwa saa) kwa injini za dizeli. Chini, kwa betri, haikuzidi noti saba au nane, tena kwa muda mfupi. Ilibidi ipande juu kuchaji na kuufukuza msafara wa meli. Ukiilazimisha ikae chini, msafara unaiacha.

Hilo ndilo lililofanyika. Ndege za Liberator zenye matangi ya ziada ziliziba pengo la katikati ya bahari. Rada mpya ya mawimbi ya sentimita 10 iliona nyambizi gizani, na kipokezi cha Wajerumani cha kutahadharisha hakikuweza kunasa mawimbi mafupi hivyo, kwa hiyo nahodha alishtukia taa na mabomu vikiwa vimemfikia. Meli za ulinzi nazo zilipima upande zinakotoka simu za redio za nyambizi, na Dönitz, admeri aliyeongoza nyambizi za Kijerumani, alipenda sana manahodha wake wapige redio.

Machi 1943 misafara miwili iliyofuatana ilipoteza meli zaidi ya 20. Mei, msafara SC 130 ulivuka bila kupoteza hata moja, na kati ya nyambizi zilizozamishwa zikiuwinda ilikuwamo ile aliyokuwamo mtoto wa Dönitz mwenyewe. Mwezi huo zilipotea nyambizi 41. Tarehe 24 Dönitz akaziondoa Atlantiki ya Kaskazini. Bila hilo hakuna Normandy.

Kursk ilikuwa pigano kubwa kuliko yote la vifaru?

Kwa jumla ya vifaru vilivyokusanywa, huhesabiwa hivyo. Ila ile picha ya Prokhorovka, karibu na Kursk, 12 Julai 1943, ambapo vifaru vya Kijerumani viliteketezwa kwa mamia katika uwanja mmoja, haisimami. Warusi ndio waliopoteza vingi zaidi siku hiyo. Walishinda kwa sababu walijua shambulio linakuja, wakachimba safu baada ya safu za mahandaki na mabomu ya ardhini, na wakawa na akiba nyuma. Tangu hapo Wajerumani hawakuanzisha tena shambulio kubwa la namna hiyo mashariki.

Normandy au mashariki: kipi kilivunja Ujerumani 1944?

Vyote viwili, lakini wasomaji wengi hawajasikia cha pili.

Normandy ilihitaji mwezi wa kuwamulikia askari wa miavuli na maji kupwa alfajiri ili vizuizi vya ufukweni vionekane. Siku za Juni zenye yote mawili zilikuwa chache: 5 hadi 7. Karibu na tarehe 19 maji yangefaa tena, lakini bila mwezi wa kumulika. James Stagg, mtabiri wa hali ya hewa, alishauri kuacha tarehe 5 na kutumia utulivu mfupi wa tarehe 6. Wakavuka watu wapatao 156,000 siku ya kwanza. Wangesubiri hadi 19, wangekumbana na dhoruba iliyovunja bandari ya bandia ya Wamarekani.

Wiki mbili na nusu baada ya kutua, Warusi walianza Operesheni Bagration huko Belarusi. Wajerumani walitarajia pigo Ukraine, wakawa wamepeleka vifaru huko. Minsk ilianguka 3 Julai, na katika wiki chache Ujerumani ilipoteza watu zaidi ya 300,000. Kasi ile ilibebwa na malori: Marekani ilikuwa ikiipa Urusi ya Kisovieti magari, zaidi ya 400,000 katika vita vyote. Hapo ugavi uliowakwamisha Wajerumani mwaka 1941 uliwabeba wapinzani wao.

Usisahau mafuta. Viwanda vya petroli ya kutengenezwa kwa makaa vilianza kupigwa mabomu 12 Mei 1944. Petroli ya ndege ya Ujerumani ilishuka kutoka tani 175,000 mwezi wa Aprili hadi chini ya tani 10,000 Septemba. Ndege ziliendelea kuundwa, zikakaa chini.

Afrika Mashariki iliingia wapi katika mageuko haya?

Sehemu tatu, na zote zinaweza kuelezwa bila kutia chumvi.

Ya kwanza ni Bahari ya Shamu. Majeshi ya Uingereza yaliyotoka Kenya, yakiwemo ya keya (King's African Rifles), yaliwafukuza Waitalia na kuingia Mogadishu 25 Februari 1941 na Addis Ababa 6 Aprili. Massawa ilianguka siku mbili baadaye kwa majeshi yaliyotoka Sudan. Tarehe 11 Aprili Rais Roosevelt wa Marekani akatangaza kwamba Bahari ya Shamu si eneo la vita tena, na meli za Marekani zikaruhusiwa kisheria kupeleka mizigo hadi Suez. Montgomery alikuja kufaidi njia hiyo.

Ya pili ni Mombasa. Aprili 1942 Wajapani walishambulia Colombo na Trincomalee, na sehemu ya meli za Uingereza ikahamia Kilindini. Wafumbuzi wa maandishi ya siri nao wakahamia Mombasa, katika jengo la shule ya Allidina Visram. Mawimbi ya redio yalifika pale kwa udhaifu, jambo lililowakera mno, lakini ni hapo walipofumbua maandishi ya meli za biashara za Japani yaliyoitwa JN-40. Septemba mwaka huo brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki iliteremka Majunga, Madagaska, ili kisiwa kisije kuwa kituo cha nyambizi za Kijapani.

Ya tatu ni Bama (Myanmar ya leo). Baada ya Wajapani kushindwa Imphal na Kohima katikati ya 1944, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafukuza kwenye bonde la Kabaw katikati ya masika, bonde lenye malaria na tope lisilopitika kwa gari. Ilifika Kalewa mapema Desemba, na mto Chindwin ukawekwa daraja la vyuma vya kuunganisha lenye urefu wa karibu mita 350. Wengine hawakufika Bama. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini Februari 1944, ikapigwa topido tarehe 12 karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Kongo?

Sehemu kubwa ya madini yaliyotumika na mradi wa Marekani ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga. Mkuu wa kampuni ya mgodi, Edgar Sengier, alisafirisha mapema tani kama 1,200 na kuzihifadhi Staten Island, New York, kabla Wamarekani hawajazihitaji. Hatubishani kama mabomu ya 6 na 9 Agosti 1945 ndiyo yaliyoisimamisha Japani, au ni Urusi ya Kisovieti kuingia Manchuria hiyo tarehe 9. Yote yalitokea ndani ya siku nne. Lakini kama geuko la vita hayahesabiki: Japani ilikuwa imeshakosa meli na mafuta.

Mbona tarehe za mwisho hutofautiana kwenye vitabu?

Ujerumani ilisaini Reims 7 Mei 1945, kisha ikasaini tena Berlin usiku wa 8 Mei, saa ambayo Moscow ilikuwa tayari ni 9 Mei. Mfalme wa Japani alitangaza kusalimu amri saa sita mchana 15 Agosti. Washington ilikuwa bado usiku wa 14. Hati yenyewe ilisainiwa 2 Septemba juu ya manowari Missouri. Ukiandika mtihani, taja tukio pamoja na tarehe, na hakuna msahihishaji atakayekukata.